Msimbazi unakoanzia

Jumamosi nilimchukua mdogo wangu tukaenda Msitu wa Pugu. Gongo la Mboto tulipanda daladala ya Kisarawe, na gari lilipoanza kupandisha vilima hewa ikabadilika hata kabla hatujashuka. Ukiishi Dar ni rahisi kusahau kwamba una msitu wa asili karibu hivi. Rasmi unaitwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, kisha unapewa mtu wa kukuongoza.

Kijana aliyetuongoza alituanzishia kwenye mapango. Ni mashimo ya machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Ukigusa ukuta, vumbi laini linakubaki vidoleni. Popo wamejaa darini, na harufu ya kinyesi chao inakaba koo. Mdogo wangu aliishia mlangoni. "Dada, mulika chini, usiwasumbue," kijana akaniambia, nikashusha tochi. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea, nikisikiliza mbawa tu.

Njiani akatueleza habari za komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia uliotimka kama burashi ya kusafishia chupa. Wanasayansi walimtambua kuwa ni aina ya peke yake miaka ya 1990 tu, na duniani kote anaishi katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania. Pugu ni kimojawapo. Hatukumwona, maana ilikuwa mchana, lakini kujua kwamba yuko humo, amelala mahali fulani juu ya vichwa vyetu, kulinifanya niangalie kila mti kwa heshima.

Mimi lakini nilikwenda kwa ajili ya mto. Nimekulia Kigogo, huko bondeni mjini, na Msimbazi ninaoujua ni maji meusi yenye mifuko ya plastiki, yanayopanda mpaka vitandani mvua za masika zikizidi. Mto huo chanzo chake ni vilima hivi hivi vya Pugu. Kijana akatushusha bondeni, akatuonyesha kijito chembamba kinachopita katikati ya mizizi. Nilichota kwa kiganja. Maji yalikuwa ya baridi na safi, mistari ya kiganja changu ikionekana yote. Nilitamani mama angekuwepo, yeye aliyezoea kubeba magodoro kila mafuriko, auone mto wake ukiwa bado hivi.

Mbele kidogo tukakuta duara la ardhi nyeusi lisilo na jani. Tanuri la mkaa, la siku nyingi. Pembeni kisiki kilikuwa kimeanza kuchipua, machipukizi matatu yenye majani mekundu mekundu. Kijana alisema doria zimepunguza sana ukataji, ila mkaa ukipanda bei mjini wanajua wageni watakuja usiku. Hilo liliniuma, kwa sababu mjini ni sisi. Maharage ya nyumbani kwetu yanaiva kwa mkaa, na sijawahi hata mara moja kumuuliza muuzaji gunia limetoka wapi. Mti ukikatwa huku juu, mvua inakuta udongo uko wazi, inaukokota, na mchanga wake unakuja kujaa kwenye mkondo wa Msimbazi huko mjini, Jangwani, mto ukose njia.

Kila masika watu wa bondeni tunazungumzia kuhama, fidia na kingo za mto. Ni mazungumzo ya haki, na sisi tumeyaishi. Ila kwenye mikutano yetu ya mtaa sijasikia mtu akitaja Pugu. Mkutano ujao nitanyoosha mkono niulize kama tunaweza kukodi gari, sisi wa Kigogo, tupande wote tukaone.