Barua Zilizotunzwa Zaidi ya Miaka 60

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni Kutoka 35:30-35, habari za Bezaleli. Wengi wetu tukifika hapo tunashika lile la kwanza: Mungu alimjaza roho yake, akampa hekima na ujuzi wa kufanya kazi za dhahabu, fedha, mawe na miti. Tunasema amina, tunafunga Biblia. Mstari wa 34 unatupita hivi hivi. "Naye ametia moyoni mwake ili apate kufundisha." Mimi mwenyewe nimeusoma miaka mingi bila kuusikia. Nimeusikia mwezi huu, nilipokuwa nikisoma habari za mtu mmoja aliyechora ndege maisha yake yote.

Jina lake Louis Agassiz Fuertes. Alizaliwa mwaka 1874 katika mji wa Ithaca, jimbo la New York huko Marekani. Alipokuwa mtoto aliangukia kazi ya John James Audubon, yule aliyechora ndege wa Amerika katika picha 435, kila ndege kwa ukubwa wake halisi, hata kurasa zikafikia karibu mita moja kwa urefu. Audubon alikuwa amefariki mwaka 1851, miaka 23 kabla Fuertes hajazaliwa. Hawakuonana. Lakini mtoto aliinamia kurasa zile, na alipoinuka alikuwa ameshajua anataka kufanya nini duniani.

Baadaye akampata mwalimu aliye hai, Abbott Thayer. Naomba nikae kidogo kwa Thayer, maana habari zake zimenigusa. Watu walimjua kwa picha za malaika. Ile ya mwaka 1887 alimchora binti yake Mary, akamvika mbawa nyeupe. Mtu huyo huyo ndiye aliyefafanua jambo ambalo watu walikuwa wakiliona kila siku bila kuliona: kwa nini wanyama wengi wana mgongo wenye rangi nzito na tumbo jeupe. Jua humulika mgongo, kivuli huangukia tumboni. Basi mgongo uliotiwa giza na tumbo lililotiwa weupe hufuta kile kivuli, mwili unaonekana kama ubao bapa, na mnyama anapotea machoni pa anayemwinda. Nani angeliona hilo kama si mchoraji? Kila siku kazi yake ni kuweka mwanga juu na kivuli chini ili kitu kilicho bapa kwenye karatasi kionekane kina mwili. Akamtazama kiumbe, akakuta Muumba amepaka rangi kinyume kabisa, ili chenye mwili kionekane bapa. Ayubu 12:7 inasema waulize wanyama, nao watakufundisha. Thayer aliuliza kwa brashi.

Kwa hiyo Fuertes alipokea. Alipokea kwa marehemu Audubon, akapokea kwa Thayer. Kisha siku moja ikamfikia barua ya kijana asiyemjua.

Kijana huyo ni George Miksch Sutton, aliyezaliwa mwaka 1898. Alikuwa bado hajafika miaka 20, anapenda ndege, anachora, na anajua kuwa michoro yake ina kasoro ila hajui kasoro iko wapi. Wakati huo Fuertes alikuwa na jina kubwa na kazi nyingi mezani. Angeweza kujibu kwa mistari miwili ya kumtia moyo, kijana akafurahi, mambo yakaisha. Hakufanya hivyo. Aliichukua michoro ya kijana kama kazi ya kweli, akamwandikia barua za maelezo, na ndani ya barua zenyewe akamchorea vielelezo vidogo vya kumwonyesha. Kiangazi cha mwaka 1916 akamkaribisha akae naye kando ya Ziwa Cayuga, wachore pamoja.

Wapendwa, hapa ndipo mstari wa 34 uliponishika. Kusifu tunakujua. Mtu akikuletea kazi yake unasema "hongera, Mungu akubariki", naye anaondoka na kasoro zake zote kama alivyokuja. Kufundisha ni kitu kingine. Ni kuitazama kazi ya mwenzako muda mrefu kuliko alivyotazamia, na kuiheshimu kiasi cha kumwambia: hapa bado.

Mimi niliwahi kuwa na mwalimu wa namna hiyo. Alikuwa mchoraji wa wanyama na ndege, mtu mpole wa maneno machache. Nilimpelekea shomoro niliyemchora kwa siku tatu, nikiwa nimejawa na furaha. Manyoya nilikuwa nimeyapanga vizuri, jicho linang'aa. Akatazama kimya. Kisha akaweka kidole kwenye mguu, akaniuliza, "Umemhesabu vidole?" Sikuwa nimemhesabu. Nilikuwa nimechora vijiti viwili vikitoka katikati ya tumbo, na chini yake alama kama za uma. Akachukua penseli, na pembeni mwa mguu wangu akachora mguu mmoja tu: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, hicho cha nyuma kikizunguka tawi na kulibana. Akanionyesha pia kwamba lile pindo tunalodhani ni goti linalokunjika kinyume, kwa kweli ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya ya tumbo. Halafu akanirudishia karatasi yangu. "Nenda kamtazame," akasema.

Sikulala vizuri usiku ule, nisiseme uongo. Asubuhi nilikaa dirishani hadi wakaja, nikaona kile kidole cha nyuma kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Shomoro! Ndege ninayemwona tangu nilipozaliwa. Bwana wetu anasema katika Mathayo 10:29 kwamba hata mmoja wao haanguki chini asipojua Baba yetu. Baba anamjua hadi kidole. Mimi nilikuwa nimemkadiria tu.

Mwalimu wangu hakusema "nitazame mimi", wala "chora kama ninavyochora". Alinirudisha kwa ndege. Ndivyo ninavyomsikia Paulo katika 1 Wakorintho 11:1, "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo." Neno lenye uzito pale ni "kama". Tukiliondoa, mwanafunzi anabaki na mwalimu tu, na mwalimu hata awe mwema kiasi gani ana makosa yake, nayo yatanakiliwa pamoja na mazuri.

Na makosa yapo, tusiwapake watu hawa rangi ya malaika. Wachoraji wa ndege wa enzi zile walikuwa wakiwapiga risasi ndege waliotaka kuwachora. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kazi, ya wachoraji na ya wataalamu. Manyoya hudumu, lakini rangi ya jicho, ya mdomo na ya miguu huanza kufifia mara uhai unapotoka, kwa hiyo mchoraji alikuwa akikimbizana na saa, ndege akiwa mkononi, aipate rangi ya jicho kabla haijakimbia. Nikisoma hayo moyo wangu huwa mzito. Lakini naona pia kitu kingine: rangi ambayo hakuna awezaye kuizuia isiondoke, kwa sababu si mali ya manyoya wala ya mfupa, ni mali ya uhai. Nimekaa na wazo hilo katika maombi siku kadhaa, na bado sijalimaliza.

Mwaka 1926 hadi 1927 Fuertes alisafiri Ethiopia pamoja na msafara wa makumbusho ya Field ya Chicago, akachora ndege na wanyama wa huko. Wengi wanasema ndiyo kazi yake bora kuliko zote, nami nakubaliana nao. Aliporudi, mwezi Agosti 1927, akiwa garini na mke wake na zile picha, treni iliwagonga kwenye kivuko cha reli pale Unadilla, New York. Mke aliumia, akapona. Fuertes alifariki akiwa na miaka 53. Picha zilitupwa nje ya gari, zikaokotwa zikiwa salama.

Sutton alikuwa na miaka 29. Aliendelea. Akawa mtaalamu wa ndege na mchoraji wa ndege, akaenda hadi kisiwa cha Southampton kaskazini mwa Kanada akakaa huko mwaka mzima kati ya 1929 na 1930, na kisha miaka mingi akafundisha huko Oklahoma, akawa yeye sasa ndiye anayepokea michoro ya vijana. Na zile barua alikuwa nazo. Zilimpitia ujana, safari, kuhama nyumba, uzee. Mwaka 1979, yeye akiwa mzee wa miaka 80 hivi, alizitoa zichapishwe, ili na kijana mwingine asiye na mtu wa kumwandikia naye apate za kwake. Alifariki mwaka 1982.

Nimejiuliza wiki nzima ni nani ana barua yangu. Sina maana ya ujumbe wa "ubarikiwe" ninaotuma kila asubuhi. Nina maana ya kazi ya mtu niliyoketi nayo, nikaitazama, nikamrudishia ikiwa na alama ya penseli pembeni. Jibu nililopata limenipeleka magotini, nanyi naomba mniombee.

Tusali.

Ee Mungu uliyemjaza Bezaleli roho yako, uliyetia na moyoni mwake kufundisha, utie na mioyoni mwetu. Tusiwaogope wanaotuletea kazi zao, wala tusiwadanganye. Uwakumbuke waliotutazama kwa subira tulipokuwa hatujui kutazama. Katika jina la Yesu, amina.

Mwalimu wangu ameshatutangulia. Mchoro ule ninao bado, ndani ya Biblia, hapo kwenye Kutoka. Karatasi imegeuka manjano. Ndege wangu amesimama juu ya vijiti vyake viwili, na pembeni yake uko mguu mmoja, wa penseli ya mwalimu, umelishika tawi.