Shubiri Mbili na Vidole Vitatu

Nimeoga mara mbili na bado vidole vinanuka yai viza. Ndiyo harufu ya tope la chini ya bwawa letu, jeusi ti, laini kama mafuta ya gari yaliyozeeka. Leo tumelichota kwa ndoo kuanzia asubuhi mpaka migongo ikagoma.

Tulipoanza, tulidhani kazi ni takataka. Tukaopoa chupa, mifuko, matairi, hata godoro zima lililohitaji watu sita. Ile ilikuwa raha, kwa sababu taka ikitoka unaiona imetoka. Tukapiga picha, tukapongezana. Wiki mbili baadaye maji yalikuwa ya kijani vilevile, na alfajiri moja tukawakuta samaki wamekuja juu, midomo nje, wanatweta. Wengine walikwisha geuza matumbo.

Sikujua kwamba mwani, vile vijimea vinavyoyapa maji rangi ya kijani, hutoa oksijeni mchana tu. Usiku nao huivuta, ukigombania na bakteria wanaoozesha mabaki chini, na ndiyo maana saa mbaya kwa samaki ni kabla jua halijachomoza. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki wengi hawafiki asubuhi.

Mmoja wetu akaleta wazo la kumwaga dawa ya kuua mwani. Tuligombana kweli siku ile. Mwani ukifa wote kwa mpigo huzama na kuoza, na kuoza kwenyewe hula oksijeni iliyobaki. Mzee mmoja, ambaye kwa kawaida husema maneno matatu kwa mkutano, akauliza, "Mnataka kumzika maiti sebuleni?" Dawa haikununuliwa.

Chakula cha mwani ndicho cha kukatwa, hasa fosforasi. Mwaka 1973 watafiti kule Kanada waliligawa kwa pazia ziwa dogo linaloitwa Ziwa 226. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Wa pili wakatia hizohizo pamoja na fosforasi, na huo ndio uliogeuka kijani. Basi tukaufuata mfereji kutoka bwawani kwenda juu, tukihesabu kila bomba linalomwagia humo. Bomba la nne nililitambua kabla ya wenzangu. Ni la kwangu. Miaka yote maji yangu ya kufulia, povu na yote, yalikuwa yakienda kuulisha mwani, na mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote kuhusu mbolea za wenye mashamba. Hakuna aliyesema kitu. Ningependa wangesema.

Sasa maji hayo yanaishia kwenye udongo uani. Ukingoni tumepanda matete yazuie udongo na mbolea wakati wa mvua. Tope nalo lina deni la zamani: likikosa oksijeni huachia fosforasi iliyolala humo, kwa hiyo hata tukiziba mabomba yote leo, bwawa litaendelea kujilisha lenyewe kwa muda. Ndiyo sababu ya ndoo.

Leo watoto walichuja tope kwa chekeche. Wadudu wengi waliopatikana bado ni vibuu (watoto wa wadudu) wekundu, ambao damu yao hushika oksijeni hata pale isipokuwepo ya kutosha. Lakini kulikuwa na kibuu kimoja cha kereng'ende, kinatembea kwa hasira kwenye sahani kana kwamba tumemharibia safari. Tukamrudisha haraka.

Mwishoni tulishusha kifuniko chetu cheupe kwa kamba. Ni kipimo cha kale cha uangavu wa maji, alikianzisha padri Mwitalia, Angelo Secchi, mwaka 1865: unashusha sahani mpaka isionekane, unapima kina. Siku ya kwanza ilipotea kabla ya shubiri moja. Leo, shubiri mbili na vidole vitatu. Jirani anadai ni vidole viwili, mimi nina macho ya matumaini. Tukabishana mpaka giza likaingia, kisha nikafunga fundo jipya kwenye kamba, pale aliposema yeye.