Guzzi yangu ya 1977 imepata mafundi

Wale mnaoniuliza inbox pikipiki imefikia wapi, haya kaeni, asiyependa mambo ya injini apite tu salama maana hii posti imejaa oili.

Kwa mgeni: pikipiki ni Moto Guzzi 850 T3 ya 1977, injini ya V iliyolala kwa upande, silinda moja inachungulia kushoto nyingine kulia, na haina cheni, inaendeshwa kwa shafti kama gari. Nilinunua huku huku Lombardia, kaskazini mwa Italia, kwa mzee mmoja aliyeifungia bandani miaka na miaka, bei ikawa ya kuvutia kwa sababu klachi ilikuwa inateleza, yaani ukifungua moto gia ya nne injini inapandisha sauti lakini mwendo uko palepale. Hesabu yangu ilikuwa klachi, kusafisha kabureta, tairi mbili, niko barabarani.

Gereji ya karibu na kwangu ni ya pikipiki za kisasa. Jamaa wakaizunguka, wakapiga picha, wakaisifia weee, halafu wakaniambia kwa upole kwamba hawaigusi. Hakuna pa kuchomeka kompyuta, na pale hakuna hata mmoja aliyewahi kuseti pointi za kuwasha moto. Sikuwalaumu, bora fundi anayesema sijui kuliko yule anayejifunzia kwako.

Basi nikaipakia kwenye kigari cha kukodi nikaipeleka Mandello del Lario. Mandello ni mji mdogo kando ya ziwa Como, mlima umeusimamia mgongoni, na Guzzi zinatengenezwa hapo tangu 1921. Historia yake fupi tu: wakati wa vita ya kwanza ya dunia walikuwa vijana watatu kwenye kikosi cha ndege cha jeshi la maji, Carlo Guzzi, Giorgio Parodi na Giovanni Ravelli, wakapanga vita ikiisha watatengeneza pikipiki, lakini Ravelli akafa kwenye ajali ya ndege 1919 kabla hawajaanza, ndo maana ile nembo ni tai aliyekunjua mbawa, ni ya kumkumbuka yeye. Siku hizi kampuni iko chini ya Piaggio, walewale wenye Vespa mnazoziona kila kona Unguja.

Ukikaa mji kama ule unaelewa kwa nini nimekwenda mbali hivyo kwa ajili ya klachi. Pembeni ya kiwanda kuna gereji ndogondogo za watu waliokulia humo, na mafundi wangu ni ndugu wawili, mkubwa ni mzee kabisa, mdogo naye keshakuwa mzee ila hakubali. Hawapokei kitu kingine, Guzzi za zamani tu.

Mzee hakushika spana kwanza. Alichuchumaa chini ya pikipiki, pale injini inapokutana na giaboksi, akachovya kidole kwenye oili inayodondoka, akanusa. Akamwita mdogo wake naye akanusa. Nikadhani ni utani wao kwa wageni, kumbe ndo vipimo vyenyewe! Klachi ya Guzzi ni kavu na imekaa katikati ya injini na giaboksi, ikilowa inateleza, sasa oili inaweza kutoka mbele kwenye sili (mpira wa kuzuia oili) ya krenki au nyuma kwenye sili ya giaboksi, na oili ya gia ina ile harufu ya kiberiti ambayo oili ya injini haina. Ilikuwa ya injini. Kabla bolti haijafunguliwa walishajua sili gani ya kuagiza.

Kuifikia klachi sasa ndo kazi. Pikipiki nyingi ungeshusha injini, lakini fremu hii aliyoichora mhandisi wa Guzzi, Lino Tonti, kwa ajili ya pikipiki yao ya V7 Sport mwaka 1971 ina mabomba ya chini yanayofunguka, kwa hiyo wao hawashushi injini, wanainyanyua pikipiki. Walitegesha injini juu ya gogo na jeki, wakafungua bolti, halafu fremu yote ikapanda juu ikiacha injini imekaa peke yake, kama mtu anavyovuliwa kanzu kupitia kichwani. Nilikuwa nimesoma habari hiyo ila kuiona kwa macho ni kitu kingine. Sahani mbili za klachi zilikuwa zimelowa chapachapa, zikatupwa.

Hapo mimi nikajua tumemaliza. Mzee akasema bado, tunavua silinda.

Nikamwambia signore, hii injini haitoi moshi, haigongi, na asubuhi hii hii mmepima kompresheni mkasema pande zote mbili iko vizuri, tunavua silinda kutafuta nini? Akauliza tu, ya mwaka gani? Sabini na saba. Akasema basi.

Shida ni kwamba Guzzi za miaka ile silinda zake ni za aluminiamu zilizopakwa kromu ngumu kwa ndani. Wazo lilikuwa zuri kwa wakati wake, silinda nyepesi, inapoa haraka, inadumu kilomita nyingi, ila miaka inavyokwenda, hasa kwa pikipiki iliyolala muda mrefu kwenye unyevu, kromu inaanza kubanduka. Na haibanduki ikaisha hapo, vile vipande vinaingia kwenye oili, oili inavipeleka kwenye pampu na beringi za krenki, na injini iliyokuwa inaimba jana inakuwa chuma chakavu. Huwezi kuichonga ukaweka pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa zaidi, kama tulivyozoea, kromu haichongeki hivyo, silinda na pistoni zilitoka kiwandani zimepangwa kwa madaraja ya vipimo A, B na C na unatakiwa ulinganishe herufi.

Wakavua. Ya kulia safi. Ya kushoto, juu kabisa upande wa ekzosi, kulikuwa na kidoa kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, rangi imefifia, ukipitisha kucha inakwama. Sijui ingechukua muda gani, labda msimu mmoja, labda mitatu. Mzee hata hakunipa ile sura ya nilikwambia, akafuta mikono akaenda kupiga simu.

Dawa yake ni silinda mpya zenye Nikasil, mchanganyiko wa nikeli na silikoni kabaidi, nao haubanduki. Na utamu wa Mandello ni kwamba Gilardoni wanaotengeneza hizo silinda wako mji huohuo. Unanunua seti, silinda mbili na pistoni zake. Kabureta zenyewe ni Dell'Orto za milimita 30, breki ni Brembo, na kampuni zote mbili zipo mkoa huuhuu hadi leo, kwa hiyo pikipiki ya karibu miaka hamsini unaipatia spea kirahisi kuliko simu yangu ya juzi.

Kuna kitu kimoja kilinichekesha sana. Yule mzee wa bandani alinipa na betri mpya kabisa, akasema pikipiki hii inapenda betri, kila baada ya muda mfupi anabadilisha. Fundi mdogo kusikia hivyo akawasha swichi, akatazama dashibodi, akachomoa kile kitaa kidogo cha chaji, kimeungua. Kumbe kwenye mfumo ule wa Bosch umeme wa kuamsha alteneta unapitia kwenye hicho hicho kitaa, kikiungua alteneta inazunguka bure haichaji kitu. Glopu ya senti kadhaa. Mzee wa watu amenunua betri ngapi!

Sasa kuna mtu ataniambia huo ni uzungu, mafundi wa kunusa oili. Mimi naona ni kilekile tulichonacho nyumbani. Fundi wa Boxer pale kijiweni Tanga, anayekaa chini ya mwembe na spana zake kwenye ndoo, anasikia bodaboda inakuja kabla haijafika anajua valvu zimelegea au cheni ya taimingi imechoka, kwa sababu amefungua Boxer tu maisha yake yote. Mpelekee hii Guzzi atahangaika, na hawa wazee wangu ukiwapelekea Boxer watahangaika vilevile. Kinachoniudhi ni yule wa katikati, anayepokea kila kitu na kila kitu anakifungua kwa mara ya kwanza, huyo yupo Tanga na yupo Milano.

Bili sitaitaja, mke wangu anasoma humu. Niseme tu silinda zilikula nusu, na saa za kazi walizoandika ni chache kuliko nilizowaona wakifanya, nikauliza, mkubwa akasema kunywa kahawa hatuchaji.

Nimepewa masharti. Kilomita za mwanzo nisiikamue, nisipande milima mirefu na gia kubwa, halafu niirudishe wakaze vichwa vya silinda, waseti valvu kwa milimita 0.22 na kumwaga oili ya kwanza. Chujio nalo litabadilishwa hapohapo, na kwenye T3 liko ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unafungua sahani yote ya chini na bolti zake zote kwa ajili ya chujio moja, sijui mhandisi alikuwa amegombana na nani siku hiyo. Nikirudi nitawauliza kuhusu ule mlio mdogo nyuma karibu na shafti, naushuku msalaba, kile kiungo kinachoruhusu shafti kujikunja. Picha naweka kesho, simu imejaa.