Samaki wa Rukwa wana sumu? Kwanza niambie mlimpima samaki gani

Kuna ile voisi noti ya WhatsApp inayozungukaga Mbeya, sijui samaki wa ziwa Rukwa wana zebaki, sijui kambale msile kabisa, basi akina mama wa soko la Mwanjelwa wanakaa na mabeseni yao hakuna mteja, afu baada ya siku chache watu wanasahau wanarudi kula kama kawa. Hakuna anayeuliza alipimwa samaki gani, mkubwa kiasi gani. Mi hiyo ndo inanikera.

Wasiwasi wenyewe sio wa kupuuza lakini. Chunya dhahabu inachimbwa tangu miaka ya 1920 na wachimbaji wadogo bado wanatumia zebaki, mawe yanasagwa kwenye karasha, zebaki inakamata dhahabu, lile donge linachomwa mvuke unaenda hewani, na iliyobaki kwenye marudio (ule mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa) mvua ikipiga inashuka mitoni. Lupa na Songwe (sio ile Songwe ya mpakani inayomwaga Nyasa, hii nyingine) zinaishia Rukwa, na Rukwa haina mto unaotoka, maji yanapunguzwa na jua tu.

Sasa mtu anachota maji kwenye chupa, anapeleka maabara, majibu yanakuja safi, watu wanashangilia. Jamani, maji hayawezi kukuambia hii kitu. Zebaki ikizama kwenye tope kuna bakteria wanaigeuza kuwa methilimekyuri, aina ya zebaki inayonasa mwilini, hiyo ndo inaingia kwenye vidudu, vidudu vinaliwa na samaki wadogo, wadogo wanaliwa na wakubwa, na kila anayekula mwenzake anarithi ya wote, mpaka kwenye mnofu wa samaki mkubwa inaweza kufika mara milioni moja ya ile iliyopo majini. Kwa hiyo anayepimwa ni samaki.

Na kumpima kuna utaratibu wake bwana. Ontario kule Kanada wanatoa mwongozo tangu 1977, unaangalia ziwa lako, aina ya samaki, na urefu wake, unaambiwa ule mara ngapi kwa mwezi. Urefu ndo kila kitu hapo, samaki mrefu ni mzee, amekula miaka mingi. Mwaka huu ukipima perege wa kujaa kiganja, mwakani ukapima kambale wa kilo tano aliyezoea kumeza wenzie, utasema ziwa limechafuka ghafla kumbe umebadilisha samaki tu. Lazima aina ileile, saizi ileile, sehemu ileile ya mnofu, uandike kavuliwa wapi na lini, ndo mwaka hadi mwaka unaweza kulinganisha.

Halafu kuna huu mtego wa samaki wa moshi, na huku kwetu ndo tunawapenda. Kile kiwango cha mwisho cha zebaki kinachotajwa sana, miligramu 0.5 kwa kilo (samaki wanaowinda wenzao wanaruhusiwaga mpaka 1), ni cha samaki mbichi. Wa moshi amepoteza maji, zebaki iko palepale, kwa hiyo namba kwa kilo inapanda bila samaki kuongezewa chochote. Mtu akichukua namba ya mkavu akaipambanisha na kiwango cha mbichi, hapo voisi noti nyingine inazaliwa.

Wengine wanasema toa ngozi, toa mafuta, kaanga sana. Hiyo inasaidia kidogo kwa vitu kama DDT vinavyokaa kwenye mafuta. Zebaki imeshikana na nyama yenyewe, hata umkaange akauke kama ukuni haitoki.

Wa kuangaliwa zaidi ni mjamzito na watoto wadogo maana inagonga ubongo unaojengeka, Minamata kule Japani, watu walikougua kwa kula samaki wenye zebaki, walijionea tangu 1956. Dada yangu ni mjamzito, samaki sijamkataza na wala sitamkataza, protini ataitoa wapi kwa bei za nyama za sasa? Nimemwambia perege wadogo na usipa wa Kyela ale, makambale makubwa awaachie wengine.

Mkataba wa zebaki Tanzania tuliridhia 2020, na Mkemia Mkuu ana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Ninachotaka ni kikaratasi kimoja kibandikwe pale samaki wanapouzwa: aina, urefu, kavuliwa wapi, mjamzito ale mara ngapi kwa wiki. Kwa Kiswahili, na herufi kubwa, wauzaji wengi wanasoma kwa shida ile saa ya jioni.