Mbalamwezi ya Igombe na maghala ya tajiri

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya.

Mwezi uliopita nilipita Igombe, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, siku za mbalamwezi. Mitumbwi ya dagaa imepandishwa mchangani, nyavu zimeanikwa, vijana wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Aliyekulia kando ya ziwa anajua sababu. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukijaa taa haiwavuti tena. Basi wavuvi hukaa nchi kavu wiki nzima hivi, wanashona nyavu, wanalala, wanaonana na watoto wao. Mungu amewasha taa yake, na swichi hakumwachia mtu.

Kijana mmoja aliyekuwa anaziba tundu la wavu aliniambia tajiri wao hayapendi mapumziko haya. (Ziwani mwenye mtumbwi anaitwa tajiri, hata kama utajiri wake wote ni mtumbwi mmoja na deni.) Injini aliichukua kwa mkopo. "Mwalimu, rejesho ni kila wiki," alisema, "wakopeshaji hawaangalii mwezi." Sasa tajiri anataka zinunuliwe taa za betri zenye nguvu zaidi, wajaribu kuvua hata mbalamwezi.

Nilikuwa bado na maneno hayo kichwani tuliposoma Injili ya Dominika ya 18, Mwaka C (Lk 12:13-21). Humo Yesu anatoa mfano wa tajiri ambaye shamba lake lilizaa vizuri, na hamlaumu kwa kulima wala kwa kuvuna. Lakini msikilizeni anavyopanga: nitabomoa maghala yangu, nitajenga makubwa zaidi, nitaweka humo mavuno yangu. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe. Jirani hayumo, kibarua aliyevuna hayumo, na neno "inatosha" halimjii hata kwa bahati mbaya.

Siku hizi nchi nzima hupangwa hivyo. Uchumi ukikua asilimia 7 kwa mwaka, baada ya miaka 10 hivi umekuwa mara mbili. Baada ya 30, karibu mara nane. Ziwa ni lile lile, kilometa za mraba 68,000 na ushee, na tunaligawana na Uganda na Kenya. Kweli lilikua mwaka 2020, maji yakapanda kupita hata rekodi ya 1964, lakini si kukua tulikokuwa tunakuombea. Na saruji waliyonunua waliofurikiwa ili wajenge upya ilihesabiwa kwenye pato la taifa kama maendeleo. Simon Kuznets, mmoja wa walioanzisha hesabu za pato la taifa kule Marekani, alilionya Bunge la nchi yake mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu haupimwi kwa hesabu hizo. Onyo likabaki kwenye makaratasi.

Sisi wa Mwanza tulishayaona haya kwa sangara. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1990 viwanda vilikuwa vinapaki minofu ya kwenda Ulaya, sisi tukikaanga mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki. Furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, walitoweka aina mamia. Fedha ilikuja, nisidanganye. Ada yangu ya sekondari ililipwa na sangara. Kisha samaki wakapungua, matundu ya nyavu nayo yakawa madogo zaidi, na leo doria inahangaika na watu wanaovua sangara wasiofika sentimeta 50.

Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, kwa hiyo tabianchi ikivurugika, ziwa halina pa kujificha. Waanika dagaa nao hawana. Mwezi wa tano mvua ilimkuta mama mmoja wa jumuiya yetu akiwa bado na dagaa mchangani. Nusu waliharibika, akawauza kwa watengeneza chakula cha kuku. Huyo siwezi kumwambia aridhike, wakati hata bati la kuezekea hajapata. Hewa chafu inayopasha dunia joto, sehemu kubwa haikutoka kwenye jiko lake. Papa Fransisko aliliona hilo katika waraka wake wa 2015: wakati umefika baadhi ya sehemu za dunia zikubali ukuaji upungue, ili nyingine zipate cha kukulia vizuri.

Nikarudi kwenye Walawi 25. Ardhi ipumzike mwaka wa saba. Jubilei kila mwaka wa hamsini. Usimtoze riba ndugu yako aliyefukarika. Miaka yote nimezifundisha kama amri tatu mbalimbali, kumbe zimewekwa sura moja kwa sababu. Yule kijana ndiye aliyenionyesha. Tajiri wake si mchoyo kuliko mimi. Rejesho halina mbalamwezi, kwa hiyo naye hapumziki, vijana wake hawapumziki, na dagaa hawapati hata siku zao chache za kuachwa. Nasi tuko katika Mwaka wa Jubilei wa 2025, na kwenye mfuko wa jumuiya tunatozana riba. Nani alishawahi kuliuliza hilo kikaoni?

Jumamosi hii, tarehe 9 Agosti 2025, mwezi unajaa tena. Tutasali Igombe ufukweni, saa 12 asubuhi, na mtunza hazina aje na daftari la mikopo. Kijana nimemwalika, na tajiri wake pia. Kijana atakuja. Tajiri amesema ataangalia.