Rangi ya tembe mtafute jogoo: siku yangu bandani, Wete

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nikitoka msikitini nafungua banda. Maji kwanza, kisha pumba za mpunga zilizochanganywa na chicha ya nazi na dagaa wa kutwanga.

Saa moja. Siku ya 21 imetimia kwa mayai ya koo, yaani kuku jike anayetaga, mwenye mistari myeupe na myeusi, aliyepandwa na jogoo mweusi. Vifaranga wote weusi, ila baadhi wana doa jeupe utosini. Hao ni madume, na doa ni dalili ya mistari ijayo; wasio na doa ni majike. Nawafunga madume uzi mguuni, maana manyoya yakikua doa halionekani tena.

Jambo hili halijaacha kunifurahisha. Kwa kuku, jogoo ana kromosomu (nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba urithi) mbili za Z, na jike ana Z moja na W. Mistari hukaa kwenye Z. Koo humpa mwanawe wa kiume Z hiyo, na binti humpa W isiyo na mistari. Z ya binti hutoka kwa baba peke yake. Baba akiwa mweusi, mabinti hawana mistari, hata mama awe amepambika vipi.

Saa nne anafika ami kutoka Konde. Anataka koo wa mistari akamchanganye na jogoo wake, apate matembe, yaani majike wachanga, ya mistari.

"Shikamoo ami. Jogoo wako ana rangi gani?"

"Marahaba mwanangu. Mweusi tii."

"Basi mwache koo, chukua pora."

Namwonesha pora, jogoo kijana ambaye wazazi wake wote wana mistari. Weupe wake umezidi, dalili ya kuwa na Z mbili zenye mistari. Huyu akipanda koo weusi, watoto wote watatoka na mistari, wa kike na wa kiume. Pora wa baba mweusi na mama wa mistari angetoa nusu tu, kwa wastani. Ami anasema atafikiri.

Adhuhuri, jua kali, kuku wamelala mchangani.

Saa tisa ni zamu ya kuku wa kijivu. Kijivu kwa kijivu huzaa robo weusi, nusu kijivu, na robo weupe wenye madoa. Wanasayansi wa urithi William Bateson na Reginald Punnett walilieleza hili Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Inaniuma kuona watu wakiuza hao weupe wa madoa kwa mchuzi, wakidhani mbegu imeharibika. Mchanganye mmoja wao na mweusi safi: vifaranga wote hutoka kijivu.

Baada ya magharibi ami anapiga simu. Anamtaka pora, lakini nyumbani ana pia koo weupe. Je, awaweke pamoja? Namwambia awatenge kwanza. Weupe wa aina fulani hufunika rangi nyingine kama buibui juu ya gauni, na mistari inaweza kuwemo ndani isionekane. Aanze na koo weusi.