Nilivyorudi kijijini na deni la kangomba

Novemba 2018, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa 3,300 kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba, watu kwetu Tandahimba, Mtwara, walishangilia. Mimi nilitafuta basi. Nilikuwa nimechukua magunia ya majirani kwa mali kauli, nikayapeleka ghalani kwa jina la mama. Hiyo ndiyo kangomba: kuchukua korosho za wakulima kinyemela, nje ya mfumo rasmi. Ukaja uhakiki wa mashamba, kuona kama magunia ya mtu yanalingana na shamba lake. Mama ana ekari tatu, magunia yake kama ya mwenye thelathini! Nikaishia Chunya, Mbeya, kwenye machimbo ya dhahabu.

Juni 2020 mdogo wangu akapiga: mikorosho imechanua, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unaingia, mama mguu umevimba, wa kupuliza dawa hayupo. Nikafunga begi.

Mjomba akanishauri niingie usiku watu wasinione. Mjomba huyu hajawahi kudaiwa, angejuaje? Saa nane usiku, kofia hadi puani, nikapitia nyuma kwenye mihogo. Mbwa akabweka, mama mwenyewe akapiga yowe la mwizi, nami nikatumbukia kwenye shimo la takataka na begi langu. Wa kwanza kufika na tochi na panga ni mzee anayenidai magunia kumi na moja. Akanimulika.

"Kumbe ni wewe. Basi hawajakosea kupiga yowe."

Asubuhi nikaenda mwenyewe kwa balozi wa nyumba kumi, madeni yote yakaandikwa kwenye daftari. Nilikuwa na laki nne na ushee. Kila mtu akasema wagawie wadai wapoe. Ningewagawia, kila mmoja angepata ya sukari, na shamba life. Nikanunua salfa, ile dawa ya unga wa njano ya ubwiriunga. Mashine sina, nikaenda kwa mzee yuleyule.

"Shikamoo mzee. Naomba mashine yako ya kupulizia."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanyamaza, nikaona anapiga hesabu: korosho zisipobeba, magunia yake atayaona wapi? Akanipa. Tangu hapo saa kumi na moja alfajiri anagonga dirisha, maana salfa hupulizwa umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka. Macho yanawaka, kikohozi cha njano, naye pembeni ananionyesha mti niliouruka.

Hela ya mnada ilipoingia kwa mama, mzee alitutangulia benki. Nimemlipa saba, yamebaki manne. Mashine hajaidai.